Risasi Ingenikosa

1

Ukimwambia mtu kwamba baba yako alikufa kwa risasi, atakuuliza kama aliyempiga alikamatwa. Mwanaidi Mhando alikuwa amechoka na swali hilo. Risasi iliyomuua baba yake haikutoka kwenye bunduki. Ilitoka kwenye betri kuukuu zilizokuwa zikiyeyushwa pale ufukweni Tanga, ikapanda na moshi, ikaingia kifuani, ikahamia kwenye mifupa kama mpangaji asiyefikiria kuondoka, na mwishowe ikamnyang'anya hata sauti. Kwa hiyo siku hizi akiulizwa hujibu tu, "Hakukamatwa. Amejenga bustani."

Jumatatu ile ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye treni ya Dodoma, uchovu wa safari haujamtoka, mama yake akamwambia, "Vaa twende ukamsalimie baba yako." Mwanaidi akajifunga ushungi, akachukua chupa ya marashi, akijua wanakwenda makaburini. Mama yake, Bi Mwantumu, akatangulia, kabeba chupa ya chai na visheti kwenye kikapu. Chai ya makaburini? Mwanaidi alijiuliza, lakini mama akishafika umri ule humuulizi kila kitu. Walipofika njia panda, mama akakata kuelekea baharini.

"Mama, makaburi ni huku."

"Nayajua makaburi nilipowaacha watu wangu. Nifuate."

Wakaingia Bustani ya Pumzi, ile ambayo Kampuni iliijenga juu ya kiwanda chake cha kuyeyushia betri. Mwanaidi alikuwa ameapa kwamba hataitia mguu bustani hiyo mpaka Baraza la Fidia liseme neno lake, na sasa mguu ulikuwa umeshaingia kabla kiapo hakijapata nafasi ya kupiga kelele. Na haki ya Mungu, bustani ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuudhi. Alitaka aikute mbaya. Bomba la moshi lilikuwa limepakwa rangi ya samawati na maua ya kutambaa yamelikumbatia mpaka juu. Mapipa ya tindikali yalikuwa yamepasuliwa na kulainishwa, watoto wakiteleza ndani yake kwa vicheko. Pale palipokuwa na tanuri, chini ya tabaka la udongo safi na zulia la kuzuia sumu, paliota nyasi laini za kukaa wapenzi.

Ukingoni mwa maji ilisimama mikoko ya maabara, ile iliyofundishwa kunywa risasi kutoka kwenye tope. Mkoko wa kawaida huwa na majani ya kijani. Huu ukishiba sumu majani yake hugeuka buluu. Kila alfajiri mashine ndogo zilipita zikayachuma yaliyogeuka, ili mgeni akija aone kijani kitupu. Mbele ya mikoko kamba nyekundu ilikuwa imezunguka ufukwe wa mchanga mweupe, na kibao kikisema utafunguliwa kwa waogeleaji mara tu Baraza litakapotoa idhini. Familia za watu wa tanuri, ambazo Mwanaidi ndiye msemaji wao, zilikuwa zikidai tope lote lichimbwe kwanza, kwa sababu risasi ile ile iliyowamaliza baba zao ilikuwa bado imelala pale chini, na mtoto akiogelea hunywa.

Kampuni ilisema hakuna aliyekufa kwa risasi. Tena ilikuwa na shahidi. Mwenyeji mmoja wa tanuri, jina lake litatajwa siku ya kikao.

Wenyeji ndivyo bustani ilivyowaita. Walikuwa nguzo za shaba zenye kimo cha mtu, kila moja na benchi lake, na ndani ya kila nguzo sauti ya mfanyakazi aliyekufa. Mafundi walihitaji kile walichokiita mbegu: maongezi ya saa chache yaliyorekodiwa, pamoja na kidole cha idhini, alama ya dole gumba la mwanafamilia. Mashine ikiisikiliza mbegu hujifunza mtu alivyocheka, alivyokatiza maneno, jibu gani angelitoa akiulizwa jambo. Haikumbuki. Inabahatisha, lakini inabahatisha vizuri kuliko sisi tunavyokumbuka. Na sheria iliipa kauli ya Mwenyeji uzito wa kauli ya shahidi aliye hai, kwa sababu watu wa viwandani walikuwa wakifa kabla kesi zao hazijaitwa. Mwanaidi mwenyewe aliiandamania sheria hiyo. Alipigwa maji ya kuwasha kwa ajili yake.

Alipopata habari ya yule shahidi, alimpigia mama yake simu akilia. "Mama, kuna familia imetuuza. Imetoa sauti ya mtu wao."

"Mungu atawalipa," mama alisema, kisha akauliza kama Dodoma kuna mvua.

Sasa Bi Mwantumu alikaa kwenye benchi chini ya mvinje, akatandaza kitambaa, akamimina chai vikombe viwili. Nguzo ikatambua hatua zake, ikawaka mwanga mdogo kifuani.

"Mke wangu, leo umechelewa," ikasema. "Au umepata bwana mwenye meno?"

Bi Mwantumu akacheka. Alicheka na kuziba mdomo kwa ncha ya kanga, kama msichana. Mwanaidi alibaki amesimama na chupa yake ya marashi mkononi.

"Mama. Hiki ni nini?"

"Msalimie baba yako."

Hakuweza. Wakati huo huo watalii wa ndani, mume na mke na watoto wao, wakasogea na koni za aiskrimu, na yule mume akauliza lile swali ambalo bila shaka kila mtu huliuliza. "Mzee, ni kweli ulikufa kwa risasi?"

"Risasi?" nguzo ikaguna. "Nilivyo mwembamba hivi, risasi ingenikosa! Mimi nimeuawa na pilau ya harusi. Nilikula sinia ya watu watatu, wa nne akanikuta nalamba vidole. Kiwanda kilinilisha, bwana. Kiwanda hakikuniua."

Familia ile ikaangua kicheko. Mmoja wa watoto akaomba irudiwe, nayo ikarudia, na safari hii pilau ikawa ya watu watano. Walipoondoka, Mwanaidi akasogea karibu na ile shaba. Shahidi alikuwa baba yake.

"Shikamoo, baba," akasema, kwa kuwa hakujua la kusema. "Mimi Mwanaidi."

"Marahaba, Mwanaidi! Umekuja mikono mitupu? Ndivyo mlivyo Wazigua. Msiba wa mwenzenu mnauendea na tumbo."

Ndivyo mlivyo.

Mzee Mhando alikuwa Mzigua wa Handeni, mtoto wa Mzigua, mjukuu wa Mzigua. Angeweza kuwasema Wazigua mchana kutwa, lakini angesema tulivyo. Mafundi waliojenga nguzo ile walijua kupima pumzi na kicheko, ila silabi ile iliwapita mbele ya macho yao. Hakuna Mzigua anayemwambia binti yake "ndivyo mlivyo Wazigua". Anayesema hivyo ni mtani.

Na hapo Mwanaidi akaikumbuka sinia ya pilau. Aliisikia mara moja tu maishani, kando ya kaburi. Baba alikuwa bado yuko juu, kwenye jeneza, na Mzee Kasanda, Mnyamwezi, mwenzake wa tanuri na mtani wake wa tangu ujana, alikuwa ameuvaa mkoti wa marehemu na kofia yake ya kiwandani. Akajilaza kwenye mchanga, akawazuia watu wasizike mpaka wamlipe. Akaiga sauti ya Mhando, ile sauti ya zamani kabla haijaliwa na sumu. "Mwanililiaje? Risasi ingenikosa, nilivyo mwembamba! Mimi nimekufa kwa ulafi!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na Mwanaidi alicheka kuliko wote, maana ndiyo kazi ya mtani, kukuvusha siku ambayo peke yako usingeivuka. Mtani husema lolote msibani. Haulizwi wala hashitakiwi.

Lakini maneno ya msibani huzikwa na maiti. Haya yalikuwa yamefukuliwa.

Akamgeukia mama yake. Bi Mwantumu alikuwa akipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

2

Mzee Kasanda aliishi kwenye ghorofa walizojengewa wastaafu, nyuma ya bustani. Pale hakuna aliyeruhusiwa kupanda kitu ardhini. Mchicha wote uliota kwenye ndoo, kwa udongo ulioletwa na malori kutoka Muheza, na Mwanaidi alimkuta mzee barazani akimwagilia ndoo zake kwa kopo.

"Hodi."

"Kama ni Mzigua, rudi. Kama ni mtu, karibu."

Siku nyingine angemjibu kwamba ana mzigo mzito na anatafuta Mnyamwezi wa kuubeba. Angeitwa mtumwa, naye angemwita mpagazi, na wangecheka mpaka jirani achungulie. Leo hakujibu kitu. Mtani asipojibu utani, ama kuna kifo ama kuna vita, na Kasanda alilijua hilo vizuri. Akaweka kopo chini.

"Umeenda bustanini," akasema.

"Nimeenda."

"Mwantumu alisema atakueleza mwenyewe."

"Hakunieleza. Nimeelezwa na nguzo."

Kasanda akavuta kigoda, akakaa. Alikuwa amezeeka ghafla, au labda Mwanaidi alikuwa hajawahi kumtazama akiwa hachezi. Mikono yake ilikuwa na makovu yale yale aliyokuwa nayo baba, madoadoa ya chuma kilichoyeyuka.

"Walikuja watu wa bustani kwa mama yako," mzee akaanza. "Wakamwambia wanaweza kumrudishia mumewe, kama ana sauti yake. Akatafuta, hakuna. Wewe unajua baba yako alivyoichukia simu. Na miaka ile ya mwisho alikuwa hatoi sauti, anatuonyesha vitu kwa kidole. Mama yako akalia hapa, kwenye kigoda hiki. Akaniambia, shemeji, wewe unamuiga mpaka mbwa wake alikuwa akidanganyika."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Mama yako alikaa pembeni yangu siku zote za kurekodi, ananipa maji, ananikumbusha. Mhando hakusema hivi, alisema hivi. Ilikuwa kama matanga yanaendelea, Mwanaidi. Nilifurahi. Nilimwona tena rafiki yangu."

"Na kiwanda? Nani alikwambia useme kiwanda hakikumuua?"

Mzee akajikuna goti.

"Mafundi waliniuliza, mzee, umekufa kwa nini? Nami nilikuwa nimeshaingia ndani ya mchezo. Nikajibu kama nilivyojibu kaburini. Wakacheka wote. Nikadhani tunacheka."

Mpaka hapo Mwanaidi angeweza kumsamehe. Mtu husema, ulimi hauna mfupa. Alivuta pumzi, akauliza lile alilolijia.

"Baba Kasanda, ulijua lini kwamba Kampuni inaipeleka kauli hiyo kwenye Baraza?"

Jogoo wa jirani akawika, mchana kweupe, na hata Kasanda hakupata neno la kumfanyia mzaha.

"Ulijua lini?"

"Mwaka jana," akasema. "Wakili wao alikuja kunishukuru. Hakujua anachonishukuria, mafundi walikuwa wamemficha, naye alidhani mimi ni jirani tu niliyemleta mjane. Nilitaka kusema. Mama yako akanishika miguu. Akasema nikisema, wataizima. Na sheria inasema kughushi sauti ya marehemu ni jela, na kidole ni chake."

"Kwa hiyo ukanyamaza. Wewe uliyembeba baba mgongoni mpaka hospitali. Unajua kilichomuua kuliko daktari."

"Ninajua. Kinaniua na mimi."

"Basi njoo keshokutwa useme hivyo."

Kasanda akatazama ndoo zake. "Mtani haendi barazani kumshtaki mtani wake, mwanangu. Hata wewe huwezi kunishtaki. Ndiyo mila."

Mwanaidi akahisi kitu kikimkatika ndani, kidogo tu, kama uzi. Akasimama.

"Mila inamlinda mtani anayetuliza wafiwa," akasema. "Haimlindi anayewauza. Umevaa mkoti wa baba yangu, mzee, mpaka leo hujauvua."

Hakumuaga. Nyuma yake hakusikia hata tusi moja, na kwa mara ya kwanza maishani alilitamani tusi la Mnyamwezi.

3

Asubuhi iliyofuata mama alikaanga vitumbua kana kwamba mgeni wake ni mgeni tu, na Mwanaidi alikaa jikoni akitazama mgongo wake. Alikuwa ameandaa maneno makali. Yote yakayeyuka, likabaki moja.

"Ulinisikiliza nikilia kwenye simu."

Bi Mwantumu akageuza kitumbua. "Nilikusikiliza."

"Ukasema Mungu atawalipa."

"Na ananilipa. Hujaona ninavyolipwa?" Akaitua sufuria. "Wewe una hasira, una haki. Lakini niache niseme, halafu unitupe baharini ukitaka. Miaka ile ya mwisho baba yako hakunena neno. Wewe ulikuwa Dodoma na mabango yako. Mimi nilikuwa humu na mwanamume anayenitazama tu. Akafa bila kuniaga, si kwa kutaka, hakuwa na cha kuniagia. Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nawasha bomba la maji nisikie kitu. Wewe ulitaka baba yako ashinde kesi. Mimi nilitaka mtu aniulize leo nimepika nini."

"Si yeye, mama! Ni Kasanda!"

"Unanifundisha wewe? Nimelala na sauti ya Mhando ujana wangu wote, nisiijue?" Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Siku ya kwanza nilijua ni Kasanda. Siku ya pili nilijua. Baada ya hapo niliamua kutojua. Ni kazi, lakini unaizoea."

"Na watoto watakaoingia kwenye yale maji?"

Mama alichukua kitumbua cha kwanza, kile ambacho kila siku alimpa Mwanaidi tangu akiwa mdogo, akamwekea kwenye sahani. Mwanaidi akakitazama kikipoa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema ufanyeje ukigundua kwamba nguo yenyewe ndiyo iliyokubeba utotoni. Alikuwa amepigana na Kampuni miaka mingi bila kuumia. Kampuni ilikuwa adui, na adui hawezi kukusaliti. Hili la leo lilikuwa limetoka kwenye mkono unaomkaangia vitumbua.

"Nikisema ukweli watakufunga," akasema.

"Najua."

"Na nisiposema?"

"Utanichukia polepole," mama akasema. "Hilo nalo najua."

4

Baraza la Fidia lilikaa bustanini, mbele ya nguzo yenyewe, chini ya turubai linalokusanya jua. Mwenyekiti alikuwa Bi Chilewa, Mgogo mwenye sauti ya chini na miwani inayoning'inia kifuani. Watu wa tanuri, wajane na watoto wao, walijaza mabenchi ya kulia. Kushoto walikaa watu wa Kampuni na wakili wao. Bi Mwantumu alikaa mbele, kanga yake mpya imenyooka. Safu ya tatu alikuwapo Mzee Kasanda, kajikunyata. Nyuma ya kamba nyekundu watoto wa shule walikuwa wamepangwa na mavazi yao ya kuogelea, kwa sababu Kampuni ilikuwa na uhakika wa siku yake.

Bi Chilewa akaigeukia nguzo. "Mwenyeji Mhando. Je, ni risasi iliyokuua?"

"Risasi ingenikosa, mama, nilivyo mwembamba!" Na ikaendelea mpaka kwenye sinia ya pilau. Upande wa kushoto wakatabasamu kwa adabu. Upande wa kulia mjane mmoja akaanza kulia bila sauti.

Mwanaidi akainuka, akaomba ruhusa ya kuihoji. Akapewa. Hakuihoji. Akaweka mkono kiunoni, akapaza sauti kama watu wanavyofanya kwenye msiba wenye watani.

"We mpagazi! Mzigo uliotumwa umeutua wapi?"

"Nimeutua Uzigua," nguzo ikajibu papo hapo, kwa furaha tele, "wenyewe nimewakuta wamelala! Nikajiuliza, hawa watumwa wangu nani kawapa ruhusa ya kusinzia?"

Mabenchi ya kulia yakalipuka. Mtu akapiga kofi pajani. "Huyo si Mhando! Huyo ni Mnyamwezi!" Minong'ono ikaenea, na vichwa vikaanza kugeuka kuelekea safu ya tatu.

Wakili akasimama bila haraka. "Mheshimiwa, marehemu alikuwa mcheshi. Mtu aliyeishi na watani hujifunza kuwaiga. Hiki ni kichekesho, si hoja."

"Mimi ni Mgogo, bwana wakili," akasema Bi Chilewa. "Wanyamwezi ni watani wangu pia. Masikio yangu yamesikia nilichosikia. Lakini sheria haina watani." Akavaa miwani, akamtazama Mwanaidi kwa huruma ambayo haikumsaidia kitu. "Sauti ya Mwenyeji inaweza kubatilishwa kwa njia moja tu, nayo ni kuthibitika kwamba aliyeweka kidole alijua si ya marehemu wake. Kama hakujua, amekosea kama wanadamu wanavyokosea, na kauli inabaki. Kama alijua, kauli inafutwa, naye anajibu shtaka la kughushi. Kidole hiki ni cha mama yako. Bi Mwanaidi, mama yako alijua? Fikiri kwanza, halafu unijibu."

Mwanaidi akamtazama Mzee Kasanda. Alimpa nafasi. Alimpa nafasi ndefu, akimwomba kwa macho ainuke, aseme neno moja, avue ule mkoti mwenyewe. Mzee alikuwa akitazama viatu vyake. Akamtazama mama, na mama hakukwepa. Nyuma ya kamba mtoto mmoja alikuwa amepenya chini, akachovya kidole cha mguu majini, akavutwa sikio na mwalimu wake. Jani moja la buluu, lililosahauliwa na mashine, lilikuwa likielea karibu naye.

Mwanaidi alitaka kumkumbatia mama yake. Alitaka kumuuliza kwa nini yeye, mtoto, ndiye aachiwe kisu hiki.

"Alijua," akasema.

Hakuna aliyenong'ona. Hata wakili alikaa chini polepole. Katika kimya kile nguzo, ambayo haikuelewa chochote na ilijua tu kwamba mtu akisema lazima ijibu, ikacheka kicheko chake kikubwa.

"Aa, Wazigua bwana! Hata mama mzazi wanamuuza!"

Hakuna aliyecheka. Mwanaidi alihisi maneno yale yakimpita katikati ya kifua, na akajua kwamba atayasikia mpaka siku atakayozikwa, wala hatakuwapo mtani wa kumvusha.

Bi Mwantumu akainuka. Watu waliokuwa karibu wakamshika wakidhani anaanguka, akawaondoa mikono. Wengine walidhani anakwenda kumlaani binti yake mbele za watu, na Mwanaidi mwenyewe akainamisha kichwa kusubiri. Mama akampita. Akaenda mpaka kwenye nguzo, akaweka kiganja juu ya shaba, mahali palipokuwa pameng'aa kwa kuguswa kila siku na kiganja hicho hicho. Akasimama hivyo kidogo, kama mtu anayeaga. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika na Baraza zima:

"Nyamaza, Kasanda."

"Naam, shemeji," nguzo ikaitika.